Mpira wa maji wa mashine ya barafu ukivuja: jinsi ya kutafuta chanzo na kuutengeneza

Asubuhi moja tukiwa hewani tulipokea simu ya mama mmoja muuza samaki, mkazi wa hapa Likombe, Manispaa ya Mtwara Mikindani. Hakutaka kuomba wimbo wala kutuma salamu. Alisema hivi: "Wanangu, mashine yangu ya barafu inatoa maji chini, barafu haijai, na leo nimegusa mlango wake nikasikia ganzi mpaka begani. Nifanye nini?"

Tulimwambia jambo moja tu kabla ya yote: aende kwenye soketi ya ukutani akazime swichi akiwa amevaa ndala kavu, kisha asiiguse tena mpaka fundi afike. Baada ya kipindi tulikwenda kwake na fundi friji tunayemfahamu. Tulichokikuta huko ndicho kimetufanya tuandike makala hii, kwa sababu tangu siku ile tumeendelea kupata maswali ya aina hiyo kutoka Chikongola, Shangani, Mikindani na hata kwa madereva wa magari ya samaki.

Tunaeleza hapa jinsi maji yanavyofika kwenye friji au mashine inayotengeneza barafu yenyewe, kwa nini mpira wake huvuja, namna ya kupata mahali panapovuja, na namna ya kupatengeneza. Tunasema pia ni wapi mwenye nyumba aishie na fundi aanzie.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kwetu

Kwa mtu wa pwani barafu ni mtaji. Samaki anaposhuka Feri au Msangamkuu anaanza kuharibika saa ileile, na joto letu halimsubiri mtu. Wataalamu wa uvuvi hushauri kwamba katika nchi za joto mvuvi mdogo awe na kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki. Mwenye deli la kilo 40 za changu anahitaji barafu inayokaribia uzito huohuo, na zaidi kama safari ni ya Masasi au Newala.

Zamani barafu ilikuwa ikisafirishwa kama bidhaa nyingine. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Marekani, Frederic Tudor, alituma meli ya barafu ya ziwani kutoka Boston hadi Calcutta, India, ikiwa imefunikwa isiyeyuke. Leo barafu inatengenezwa pale inapotumika. Wapo wanaogandisha maji kwenye vifuko vya plastiki ndani ya friza, na hao mpira wa maji hauwahusu. Lakini hoteli, migahawa, wauza samaki, na watu walionunua friji kubwa za mitumba zenye mlango wa kutoa barafu, wote wanatumia mashine inayojivutia maji yenyewe. Hapo ndipo uvujaji unapoingia.

Hasara yake ni ya namna nne. Kwanza ni umeme, kwa kuwa maji sakafuni yakikutana na waya wa kuongezea yanaweza kuua. Pili ni bili ya maji. Tatu ni barafu isiyotosha, na samaki wanaotupwa. Nne ni afya, na hili wengi hawalijui. Tutalirudia mbele.

Maji yanafikaje kwenye mashine

Njia ya maji ni fupi, na ukiielewa umemaliza nusu ya kazi. Kuna koki ya kufungia kwenye bomba la nyumba. Kutoka hapo unatoka mpira mwembamba, ambao kwa friji za nyumbani huwa wa robo inchi, na mara nyingine hupitia kwenye chujio. Mpira unaingia nyuma ya friji, chini, kwenye valvu ndogo ya umeme. Valvu hii inafunguka kwa sekunde chache mashine inapohitaji maji, kisha inajifunga. Kutoka kwenye valvu kuna kimpira kingine kinachopanda ndani na kumwaga maji kwenye sinia la barafu.

Mashine kubwa za barafu, kama za hotelini, mara nyingi hutumia mpira mnene wenye nati kubwa ya robo tatu inchi na washa ya mpira ndani, kama ule wa mashine ya kufulia. Hizo pia zina bomba la pili la kutoa maji machafu, na nalo linaweza kuvuja.

Kwa hiyo maeneo ya kukagua ni haya: kwenye koki, kwenye chujio, katikati ya mpira, kwenye kiungo cha valvu, kwenye valvu yenyewe, na kwenye kimpira cha ndani. Hakuna jingine la siri.

Kabla ya kugusa chochote

Zima umeme kwenye soketi na uchomoe plagi. Kuzima kitufe cha friji hakutoshi, kwa sababu waya bado una umeme. Kama sakafu imelowa na soketi ya kuongezea imelala chini kwenye maji, usiiguse kabisa. Zima swichi kubwa ya nyumba kwanza, kisha ndiyo uitoe. Umeme wetu ni wa volti 230, na mtu aliyesimama kwenye maji bila viatu hana kinga.

Mtu akisikia ganzi anapogusa mashine, hiyo ni dalili kwamba kuna umeme unaovuja kwenye bati lake, na huenda waya wa ardhi haupo au umekatika. Mashine hiyo isiwashwe tena mpaka fundi umeme aipime, hata kama uvujaji wa maji umekwisha.

Baada ya umeme, funga koki ya maji. Kama hakuna koki ya karibu, funga ile ya kwenye mita. Weka ndoo na matambara, kisha ivute friji polepole huku ukiangalia mpira usinaswe kwenye magurudumu.

Je, kweli ni mpira unaovuja?

Si kila maji yaliyo chini ya friji yametoka kwenye mpira. Kwetu hapa, hasa wakati wa kaskazi, hewa ina unyevu mwingi. Bomba lenye maji baridi hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na jasho hilo hudondoka. Pia friji nyingi zina kitundu cha kutolea maji ya barafu inayoyeyuka, ambacho kikiziba maji hutokea ndani, chini ya droo za mboga, kisha humwagika nje.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Kausha kila kitu kwa kitambaa. Funga koki ya maji, acha friji ikiwaka kama ni salama, na tandika gazeti kavu chini yake. Baada ya saa kadhaa angalia. Kama gazeti limelowa wakati koki imefungwa, maji hayatoki kwenye mpira. Hiyo ni jasho au kitundu kilichoziba. Kama gazeti ni kavu na linalowa tu unapofungua koki, tatizo liko kwenye njia ya maji.

Kipimo kingine ni mita. Funga mabomba yote ya nyumba, kisha angalia kigurudumu kidogo cha mita ya maji. Kama kinazunguka, kuna maji yanayopita. Funga koki ya mashine ya barafu. Kikisimama, umempata mwizi wako. Kumbuka kwamba uvujaji ulio kabla ya mita ni wa kuripoti MTUWASA, mamlaka yetu ya maji. Ulio baada ya mita ni wako, na bili yake ni yako.

Watu huuliza: tone moja moja linaweza kuleta bili gani? Tuhesabu pamoja. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, yaani lita 4 na kidogo. Ndoo ya lita 20 inajaa kabla ya siku tano kwisha. Sasa weka kikombe cha robo lita chini ya uvujaji. Kama kinajaa kwa dakika tano, ni lita 3 kwa saa, lita 72 kwa siku, na zaidi ya uniti 2 kwa mwezi, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni cha hasara.

Kutafuta mahali penyewe

Fungua koki kidogo, umeme ukiwa umezimwa. Chukua karatasi laini ya chooni, ipitishe juu ya kila kiungo na kwenye mpira wote, kuanzia kwenye koki kuelekea kwenye friji. Karatasi huonyesha tone hata lile ambalo jicho halioni. Anza juu ushuke chini, kwa sababu maji hutambaa juu ya mpira na kudondokea mbali na yalipotokea. Wengi wamebadilisha valvu nzima kumbe maji yalianzia kwenye nati iliyo nusu mita juu yake.

Kama viungo vyote na mpira ni vikavu lakini barafu inajaa kupita kiasi, imeshikana donge moja, au maji yanadondoka ndani ya sinia muda wote, valvu haifungi. Hapo kuna jaribio zuri: chomoa umeme huku maji yakiwa wazi. Kama maji yanaendelea kuingia kwenye sinia bila umeme, valvu yenyewe ni mbovu, ina uchafu, au presha ya maji ni ndogo mno. Kama yanakoma, tatizo liko kwenye mitambo inayoamuru valvu, na hiyo ni kazi ya fundi friji.

Sababu tunazoziona sana pwani

Ya kwanza ni joto la nyuma ya friji. Mpira wa plastiki wa bei ya chini ukigusa sehemu ya moto karibu na kompresa, hukauka, hubadilika rangi na kupasuka.

Ya pili ni kubanwa. Friji inasukumwa ukutani, mpira unakunjika, na pale ulipokunjika ndipo unapokatika baada ya miezi.

Ya tatu ni panya. Hutafuna mpira laini, hasa kwenye mabanda na maghala.

Ya nne ni chumvi. Hewa ya bahari hula klipu za chuma cha kawaida na kuacha kutu. Ukinunua klipu, nunua za chuma kisichoshika kutu. Maji ya visima vya pwani nayo mara nyingi yana chumvi na chokaa, na chokaa hiyo hukaa kwenye valvu na kuizuia isifunge vizuri.

Ya tano ni vipimo kuchanganywa. Hii inawashinda hata mafundi. Mpira wa robo inchi una unene wa milimita 6.35. Viungo vingine vinavyouzwa madukani ni vya milimita 6. Kwa macho vinafanana. Lakini kiungo cha milimita 6 hakiupokei vizuri mpira wa robo inchi, na mtu akilazimisha kwa kuukwangua, utavuja leo au kesho. Nenda dukani na kipande cha mpira wako wa zamani, soma maandishi yaliyo juu yake, na uhakikishe kiungo kina kipimo hichohicho.

Ya sita ni kukaza kupita kiasi. Watu hudhani nati ikivuja dawa ni kukaza mpaka mkono uume. Nati ndogo ya shaba au plastiki ikikazwa hivyo hupasuka, au pete ya ndani hulika na kuharibika.

Kutengeneza mpira uliopasuka

Kama mpira umepasuka sehemu moja na uliobaki ni mzima, si lazima ubadilishe wote. Kata kipande kibovu, ukiongeza sentimita mbili kila upande. Tumia wembe au kisu kikali, na ukate moja kwa moja, si mshazari. Mkato ulioinama ndio chanzo kikubwa cha viungo vipya kuvuja. Mkasi haufai kwa kuwa unaubana mpira na kuufanya kuwa na umbo la yai.

Unganisha kwa kiungo cha kusukuma, kile ambacho unaingiza mpira na unashika wenyewe. Weka alama kwa kalamu karibu milimita 15 hadi 20 kutoka mwisho wa mpira, kulingana na kina cha kiungo. Sukuma mpaka usikie umepita kizuizi cha kwanza na kugota, na alama iwe imefika mdomoni mwa kiungo. Kisha vuta kwa nguvu. Ukitoka, haukuwa umeshika. Ukitaka kuutoa, bonyeza kipete cha mdomoni kwa vidole viwili kisha uvute mpira.

Kama mpira ni mkavu na umebadilika rangi sehemu nyingi, badilisha wote. Kuziba mahali pamoja kutakuletea tundu jingine wiki ijayo. Chagua mpira ulioandikwa kwamba unafaa kwa maji ya kunywa. Mpira wa kumwagilia bustani haufai, kwani una harufu na kemikali zinazoingia kwenye barafu. Ukipata ule uliosukwa kwa nyuzi za chuma nje, ni imara zaidi, na panya hawauwezi.

Kutengeneza kiungo cha nati na pete

Kiungo hiki kina vitu vitatu: nati, pete, na kwa mpira wa plastiki, kijibomba kidogo kinachoingia ndani ya mpira ili usibonyee. Kijibomba hiki ndicho kinachosahauliwa mara nyingi. Bila hicho, pete inauminya mpira, unalegea, na maji yanapita.

Panga hivi: ingiza nati kwenye mpira kwanza, kisha pete, kisha kijibomba. Pete iwe mpya kila unapofungua kiungo, kwa sababu ya zamani imeshabonyea. Ingiza mpira mpaka mwisho, kaza nati kwa mkono mpaka igome, kisha ongeza kwa spana nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja. Tumia spana mbili, moja ikishika mwili wa valvu na nyingine ikikaza nati, usije ukaing'oa valvu. Fungua maji. Kama kuna unyevu, ongeza robo mzunguko tu.

Hapa tuseme neno kuhusu ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Inafaa kwenye meno ya bomba yanayozuia maji kwa meno yenyewe, kama koki inapoingia kwenye tii ya bomba. Haifai kwenye nati yenye pete, wala kwenye nati yenye washa ya mpira. Kwenye viungo hivyo kinachozuia maji ni pete au washa, na tepu inazuia tu nati isikae sawasawa. Ukiona mtu amezungushia tepu nyingi kwenye nati ya pete, jua alikuwa anaficha tatizo.

Washa na koki

Kwa mpira wenye nati kubwa, toa washa ya zamani, safisha mdomo, weka washa mpya, na ukaze kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana. Washa iliyokauka au kupasuka ni sababu ya kawaida sana, na ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Kuna aina ya koki inayofungwa juu ya bomba kwa skrubu na kulitoboa kwa sindano. Ni rahisi kufunga lakini tundu lake ni dogo, huziba kwa uchafu, na huanza kuvuja baada ya muda. Kama nyumba yako ina koki hiyo, mwambie fundi bomba aitoe, aweke tii ya kawaida na koki ya kufunga kwa robo mzunguko.

Tangi la juu na presha ndogo

Hili ni letu hasa. Nyumba nyingi hapa Mtwara zinatumia tangi la plastiki lililowekwa juu ya mnara, kwa sababu maji ya bomba hayaji muda wote. Maji ya tangi hupata presha kutokana na urefu wake: kila mita 10 hutoa kipimo kimoja cha presha kiitwacho baa. Mnara wa mita 3 kwa hiyo hutoa baa 0.3 tu.

Friji nyingi zenye kutengeneza barafu zinataka angalau baa 1.4 hivi. Sababu ni kwamba valvu yake hutumia nguvu ya maji yenyewe kujifunga vizuri. Presha ikiwa ndogo, valvu hufunga nusunusu, maji yanadondoka ndani, barafu inashikana, na mwenye friji anahangaika kubadilisha mpira ambao hauna kosa. Dawa yake ni pampu ndogo ya presha kati ya tangi na friji, au kununua mashine ya kujaza maji kwa mkono, ambayo haina valvu hii kabisa. Soma kitabu cha mashine kabla ya kununua pampu, maana presha ikizidi nayo hupasua viungo. Kwa friji nyingi mwisho ni baa 8.

Ukibadilisha valvu, angalia volti zake. Friji za mitumba zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 110 hadi 120, na watu huziendesha kwa transfoma. Valvu ya volti 230 haitafunguka humo, na ya 110 ikipewa 230 inaungua.

Kwenye magari na boti

Nchi nyingine, hasa Marekani, watu husafiri na nyumba za magurudumu zenye friji ya kutengeneza barafu. Huku kwetu tunaona magari ya watalii yenye jiko na friji, na boti za safari. Tatizo ni lilelile, ila mtikisiko huongezeka. Barabara mbovu na mawimbi hulegeza nati, na mpira unasuguana na bati mpaka unatoboka.

Kwenye chombo cha namna hiyo, acha mpira uwe na mkunjo mpana kidogo usivutike, ufunge kwa vishikizo kila baada ya nusu mita, na pale unapopita kwenye tundu la bati weka mpira wa kukinga. Kagua nati zote kila baada ya safari ndefu. Dalili ya kwanza ni pampu. Kama pampu ya maji ya gari inawaka usiku kwa sekunde moja mbili kisha inazima, na hakuna aliyefungua bomba, kuna mahali panavuja. Dalili hii ni hiyohiyo kwa nyumba yenye pampu ya presha.

Ukiegesha gari kwa muda mrefu, funga koki na umwage maji yote kwenye mpira.

Baada ya kutengeneza

Fungua maji polepole. Acha saa moja bila kuirudisha friji ukutani, kisha pitisha tena karatasi kavu. Ukiridhika, hakikisha sakafu ni kavu kabisa ndipo uchomeke umeme, na soketi ya kuongezea iinuliwe juu, ifungwe ukutani. Acha nafasi ya kiganja kati ya friji na ukuta ili mpira usibanwe. Kesho yake angalia tena, kwa sababu kiungo kinaweza kuwa kikavu saa ya kwanza na kudondosha tone usiku.

Barafu ya mizunguko miwili au mitatu ya kwanza itupwe. Hapa ndipo tunarudi kwenye afya. Maji yanapokatika kwenye mtandao, presha ndani ya bomba hushuka, na tundu lililokuwa likitoa maji linaweza kuanza kuvuta ndani uchafu ulio nje. Kuganda hakuui vijidudu vyote. Barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu ni machafu yaliyoganda, na kipindupindu hakijali kama maji yameganda. Anayeuza juisi yenye barafu wakati wa futari anawabebea watu dhamana kubwa.

Usifanye haya

Usizibe kwa gundi ya haraka wala kwa kamba ya mpira wa baiskeli ukadhani umemaliza. Kamba hiyo inaweza kukufikisha kesho asubuhi, si zaidi. Usipashe mpira moto kwa kiberiti ili ulainike.

Na jambo muhimu kuliko yote: nyuma ya friji kuna mabomba mengine membamba ya shaba yaliyochomelewa, hayana nati. Hayo si ya maji. Yana gesi ya kupoozea, na kwenye friji nyingi za sasa gesi hiyo inashika moto. Usiyakate, usiyakunje, usiyaguse. Fundi bomba anaishia kwenye valvu ya maji. Kuanzia hapo ni fundi friji.

Yule mama wa Likombe

Kwake tulikuta mambo matatu kwa pamoja. Mpira ulikuwa wa robo inchi na kiungo cha milimita 6, kimezungushiwa tepu nyeupe mpaka kikanenepa. Mashine ilikuwa imesukumwa mpaka ukutani, ikakibana kiungo hicho. Na chini yake, kwenye maji, ililala soketi ya kuongezea iliyowasha mashine ile na taa ya genge.

"Aliyekufungia hii nani, mama?" fundi akauliza.

"Kijana mmoja alipita tu, akasema anajua."

Fundi alikata mpira upya, akaweka kiungo cha kipimo chake, akaiinua soketi ukutani, na fundi umeme akaja jioni kurudisha waya wa ardhi ambao haukuwa umefungwa kabisa. Vifaa vyote vya maji havikufika bei ya kilo mbili za changu. Lakini kwa siku mbili alizokosa barafu, mama yule alitupa deli zima la samaki, na mjukuu wake wa miaka minne alikuwa akicheza palepale kwenye maji.

Tulipokuwa tunaaga, alituambia: "Mwende mkawaambie na wengine." Ndiyo tumewaambia. Leo ukifika nyumbani, ivute friji yako kidogo, upitishe karatasi kavu kwenye ule mpira. Usipoziba ufa utajenga ukuta.